Kadi yenye pindo, mji na jina

Wanaoniuliza nanunua wapi mihuri yangu ya kugongea nakshi kwenye kadi hutarajia nitaje duka la ng'ambo. Nanunua raba. Zile raba nyeupe za plastiki za watoto wa shule, pana, ambazo kila duka la vifaa vya shule hapa Mombasa linazo. Ile ya waridi iacheni. Ni ngumu, na humeguka ukingoni pale pale ulipotaka mstari safi.

Kazi yangu ya siku zote ni hina. Napaka maharusi, na mashangazi wa maharusi, na watoto wanaolia wakitaka "hata kidole kimoja tu". Kadi na madaftari yalikuja nyuma ya hina. Bi harusi mmoja aliipenda nakshi niliyomchorea mkononi akataka iwe pia kwenye kadi za kualikia wenzake, nami nikaona kuzichora zote hizo kwa mkono ni kujitafutia maradhi ya kiwiko. Mhuri unachongwa mara moja, kisha unagonga mpaka uchoke wewe.

Kuchonga kwenyewe si kugumu. Mchoro nauchora kwa penseli laini, 2B kwenda juu, kwenye karatasi nyembamba. Naipindua karatasi uso chini juu ya raba, nasugua mgongoni kwa kijiko. Penseli inahamia kwenye raba ikiwa kinyume, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwani ukigonga itarudi sawa. Kwenye maandishi ndipo watu wanapoumia. Kuna herufi zisizojali, A, M, O, T, U, ukizigeuza ni zile zile. Ila N na S hazina msamaha. Ukiiona N imesimama vizuri juu ya raba, inasomeka bila shida, jua imeharibika tayari.

Siri iko kwenye ulalo wa kisu. Kisu kilale kuelekea nje ya mstari, ili mstari ubaki na kitako kipana chini na uso mwembamba juu. Ukikata kwa kuingia ndani unachimba pango chini ya mstari. Mhuri utagonga vizuri kwa muda, halafu mstari utaanza kujikunja kila ukiubonyeza, na chapa itatoka na ukungu. Na kwenye mizunguko, mkono wenye kisu utulie, kinachozunguka ni raba. Hili lilinipa taabu kidogo kulizoea, maana kwenye hina ni kinyume chake kabisa: mkono wa bi harusi ndio unaoambiwa utulie, na wangu ndio unaotembea.

Mihuri mikubwa nachonga kwenye soli za ndara zilizokwisha. Ni laini, zinakatika kwa wembe, na zinanywa rangi kiasi tu. Pwani yetu haina uhaba wa ndara, bahari inazitapika kila uchao. Kuna kampuni hapa Kenya, Ocean Sole, inayoziokota na kuzichonga kuwa tembo na twiga. Mimi nahitaji moja tu, upande wa kisigino, uliolainika kwa kukanyagwa. Naiosha, naikausha, naibandika juu ya kipande cha ubao ili nipate pa kushika.

Wino sasa. Ule wa mhuri wa ofisini, wa zambarau, wa chifu na mwalimu mkuu, ni mzuri kwa kazi ya chifu na mwalimu mkuu. Umetiwa glisarini ili kile kisahani chake kisikauke, kwa hiyo juu ya kadi nao haukauki kwa hewa. Unasubiri karatasi iunywe. Kwenye karatasi ya kung'aa hauna pa kwenda, utaupata kesho yake bado unachafua vidole. Na ukipitisha brashi yenye rangi ya maji juu yake, unachuruzika zambarau kote. Kadi ambayo nitaipaka rangi baadaye, wino ule haiuoni.

Natumia rangi ya akriliki. Nakata sifongo cha kuoshea vyombo, nakidonoa kwenye rangi, nakipapasa juu ya mhuri. Rangi ndiyo inayoufuata mhuri, mhuri hauchovywi kwenye rangi. Ukiuchovya, inajaa mabondeni na nakshi zote ndogo zinazama. Halafu gonga bila kutikisa, bonyeza, inua juu moja kwa moja. Ukimaliza osha hapo hapo kwa mswaki wa zamani, maana akriliki ikikauka ni plastiki, huitoi tena kwenye mifereji.

Kwa maandishi ya mkono na mistari ya kalamu nina wino wangu wa masizi. Nawasha koroboi, naining'iniza sahani juu ya moto ipate masizi, nayakwangua kwa unyoya. Masizi hayataki maji, yanaelea juu yanakutazama. Dawa yake ni tone la spiriti kwanza, upate uji mzito mweusi, ndipo utie gundi ya mgunga iliyolala kwenye maji usiku kucha. Gundi hii inatoka huku huku kwetu, kaskazini mwa Kenya, kwenye migunga ya Isiolo, Garissa na Turkana. Saga, saga tena, chuja kwa kitambaa. Wino huu haupauki juani, masizi ni masizi.

Manjano ndiyo inayopauka. Manjano ya sokoni Marikiti, kile kiungo cha mchuzi, ukiichemsha na kuipaka kwenye karatasi, inatoa rangi ya kuchekesha moyo, na ukiichora juu yake kwa brashi iliyochovywa maji ya magadi, pale brashi inapopita panageuka wekundu wa udongo mbele ya macho yako. Watoto wanapiga kelele. Ila uiweke kadi hiyo dirishani, haitamaliza mwezi na sura yake. Naitumia ndani ya daftari tu, kurasa zinazoishi gizani. Kahawa chungu ni mvumilivu zaidi. Machicha ya buni yaliyobaki nayachemsha tena na kuchovya karatasi nyeupe zitoke na rangi ya zamani.

Haya yote mtu anajifunza kwa mikono. Jambo lililonikalisha leo niandike ni jingine.

Ukishajua kuchonga na kugonga, taabu inahamia mahali pengine: mhuri upo, rangi ipo, kadi nyeupe imekukodolea, na hujui ugonge wapi. Video nyingi za ng'ambo zinafundisha kurundika. Karatasi juu ya karatasi, utepe, kipepeo, vishanga vya kubandika, mpaka kadi haiingii kwenye bahasha yake. Huo mrundiko siupendi, na sioni tunauhitajia nini sisi tuliofungwa mgongoni, tukafunikwa na kulazwa kwenye leso. Leso ilishapangwa zamani. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na upande wa chini wa mji, karibu na pindo, linakaa jina, yale maneno ya leso. Macho ya kila mtu wa pwani yanajua njia hiyo bila kufundishwa.

Chukua futi ya fundi cherehani uipime leso. Utapata kama sentimita 150 kwa 110, ikizidi au kupungua kidogo. Sasa pima kadi ya A6, ile unayoipata ukiikunja A5 katikati: 14.8 kwa 10.5. Igawe leso kwa kumi uone. Kadi ni leso iliyopunguzwa mara kumi! Na vipimo vyote vinashuka nayo. Pindo la sentimita 15 linakuwa sentimita moja na nusu. Herufi za jina za sentimita tatu nne zinakuwa milimita tatu nne. Nilipoliona hili niliacha kubuni mpangilio wa kadi. Nikiwa na shaka naenda Mtaa wa Biashara, napita dukani kwa Kaderdina Hajee Essak, wale wa "Mali ya Abdulla" ambao wapo hapa tangu 1887, naangalia mapindo yaliyotundikwa. Wauzaji wamenizoea. Wanajua huyu anaangalia tu.

Mimi kadi naikata sentimita 15 kwa 10.5 kutoka shiti kubwa la manila, na ninayo sababu. Mhuri wangu wa pindo ni mraba wa sentimita moja na nusu. Toa kona mbili, ubavu mrefu unabaki na sentimita 12, inaingia mihuri minane kamili. Ubavu mfupi unabaki na saba na nusu, inaingia mitano. Hakuna robo inayobaki ikikusumbua. Kona zina mhuri wake wa pekee, na ndizo nazozigonga kwanza. Angalia leso mbovu na leso nzuri: tofauti iko konani. Kwenye leso mbovu pindo linafika kona likakatwa, nakshi imepasuka nusu. Kwenye nzuri kona ina ua lake linalopokea pindo la huku na kulipeleka kule. Baada ya kona naanzia katikati ya kila ubavu, najaza kwenda kwenye kona. Kama kuna kosa la nusu milimita, linagawanyika, halirundikani mwisho mmoja.

Mji usijaze. Korosho moja kubwa inatosha, imelala mshazari. Au uache mtupu kabisa, jina peke yake. Nazo rangi, tatu. Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, waliokuwa wakinakili Korani kwa mkono karne ya 18 na ya 19, walizipamba kurasa zao hasa kwa nyeusi, nyekundu na manjano, na sijasikia mtu aliyeitazama kazi ile akalalamika rangi ni chache. Karatasi wakiipata kutoka Ulaya. Nyingine ukiiinua kwenye mwanga ina alama ya miezi mitatu ya watengenezaji wa Italia. Mimi na manila yangu siwezi kulalamika.

Jina ndilo linalouza kadi. Nina seti ya herufi kubwa za raba, kila moja kwenye kijiti chake, na wateja wananiletea majina wenyewe. Hapo ndipo utakapowajua watu. Dada mmoja aliagiza kadi ya kumpongeza wifi yake kwa nyumba mpya. Nikamuuliza jina. Akasema bila kupepesa: "Andika SISEMI KITU NAANGALIA."

"Dada, hii si ya hongera?"

"Ndiyo hongera hiyo. Yeye ataelewa."

Nikagonga. Pindo nililitia maua mengi mengi, kupoza.

Kwa harusi natumia kisutu, nakshi ya ile leso ya maharusi: nyekundu, nyeusi na weupe wa karatasi, nakshi ndogo ndogo zinazojirudia mji mzima. Hii inataka mihuri miwili, mmoja wa nyekundu na mmoja wa nyeusi, na lazima ikutane pasipo na pengo. Nimejitengenezea kona ya boksi gumu, umbo la L, nimeibandika mezani. Kadi inasukumwa mpaka iguse kona, na mihuri yote miwili imebandikwa kwenye vibao vya ukubwa mmoja, navyo vinaegemea kona ile ile. Nyekundu zote kwanza, zikauke, ndipo nyeusi. Ukianza na nyeusi, nyekundu ikipita juu yake inaacha utando wa kahawia.

Mama wa bi harusi mmoja alikuja kuchukua za kwake, akaigeuza kadi huku na huku. "Mwanangu, mbona haina jina?"

"Mama, hiki ni kisutu."

Akanyamaza kidogo. "Ala! Kweli, kisutu hakina jina. Basi usitie chochote." Akahesabu kadi zake akaondoka amefurahi kuliko alivyokuja.

Koni ya hina nayo ina kazi hapa. Nachanganya akriliki na gundi nyeupe mpaka ipate uzito wa hina iliyokorogwa vizuri, naijaza kwenye koni, nakata ncha ndogo sana. Mstari unaotoka unasimama juu ya karatasi, unaugusa kwa kidole na kuusikia. Naupitisha kwenye ukingo wa korosho baada ya kugonga, au natia vidonge vidonge kwenye pindo. Koni ibanwe kutoka nyuma, si katikati, na ncha isiguse karatasi. Uzi uangushwe kutoka juu. Mpakaji hina yeyote anayesoma hapa ataweza siku hiyo hiyo. Wengine jaribuni kwanza kwenye gazeti.

Hali ya hewa ina sauti kubwa katika kazi hii kuliko watu wa bara wanavyodhani. Kaskazi ikivuma, mstari wa koni unakauka usiku mmoja. Masika ya Aprili na Mei yakiingia, unaweza kuukuta umekauka juu na ndani bado ni laini, ukazipanga kadi moja juu ya nyingine zikang'ang'aniana zote. Masika nazitandaza kwenye wavu wa kuanikia samaki (mpya, haujawahi kumwona samaki), na kabla ya kuzipanga napitisha poda ya mtoto kwa brashi kavu.

Madaftari nitasema machache, yanastahili makala yake. Kosa la kawaida ni kuchukua A4 ya fotokopi, kuikunja katikati na kushona. Karatasi ina nyuzi, nazo zina upande zinaoelekea. Kwenye A4 nyingi za fotokopi zinakwenda na urefu, kwa hiyo ukiikunja kupata A5 unazivunja. Daftari linakataa kulala wazi, kurasa zinasimama. Kata kipande kidogo, kiloweshe upande mmoja, kitajikunja chenyewe kuwa bomba: bomba hilo limelala sambamba na nyuzi. Mgongo wa daftari uelekee huko huko. Karatasi nzito nazipata kwa wachapaji mjini, mabaki ya mashiti makubwa wanayoyakata pembeni, na hayo unaweza kuyakata uelekeo uutakao. Bei yake ni ya kuombana.

Matundu natoboa kwa msharasi, uzi ni ule wa fundi viatu, naupitisha kwenye nta mara mbili tatu usije ukafumuka. Kwa daftari jembamba, matundu matano: ingia la katikati kutoka ndani, shona kwenda mwisho mmoja na kurudi, kisha mwisho wa pili na kurudi, funga fundo pale pale ulipoanzia, mkia mmoja huku na mmoja huku wa mshono mrefu.

Jalada ni boksi gumu lililovishwa leso kuukuu. Leso usiipake gundi moja kwa moja, itapenya na kutoka madoa usoni. Ibandike kwanza karatasi nyembamba mgongoni, iache ikauke, ndipo uitumie. Gundi ni uji wa unga wa ngano, mwembamba, uliopikwa mpaka ukang'aa, na matone ya mafuta ya karafuu kuuzuia usichache. Daftari bichi linalala chini ya ubao na debe la unga, karatasi kavu zikiwekwa kati na kubadilishwa, la sivyo jalada linapinda. Jina la leso lije mbele, lisomeke. Watu wengi wanakata leso popote, jina linaishia nusu nyuma ya mgongo, "...NA NA MUNGU" halafu basi. Pima kwanza, wanangu.

Mtu anayetaka kuanza anunue raba moja, wembe, sifongo, na akriliki nyekundu na nyeusi. Nyeupe ni karatasi. Asinunue seti ya mihuri ya dukani, itamfundisha kugonga nakshi za watu.

Kuhusu Idi, kwa wanaoulizia: maagizo ya kadi napokea tangu Shaabani. Likiingia kumi la mwisho la Ramadhani sipokei tena, kwani usiku huo mikono yangu yote miwili ina kazi ya hina mpaka alfajiri. Na nyinyi mnaokuja usiku wa mwezi kuandama mkisema "mbili tu, dada, za haraka", nitawauzia zilizobaki, na jina nitachagua mimi.